Kinanda Alichokinyoosha Bertha

Mtu akiteleza sauti kanisani, Bertha hugeuka. Hageuki kwa hasira, maskini. Hugeuka kama mama aliyeona kamasi kwenye pua ya mtoto wa jirani, na leso anayo mkononi. Sisi wa sauti ya pili tumetazamwa hivyo miaka mingi, na mimi nimewahi kumwambia kwamba ipo siku masikio yake yatamponza. Nilisema kwa utani, lakini utani wa mtu aliyechoka kutazamwa.

Ni jirani yangu hapa Usagara, Tanga. Mumewe ni Ernesti, dereva wa bajaji, na mtoto wao wa kwanza ni Hosea, kwa hiyo wengi humwita Mama Hosea. Kazi yake ni ufundi wa vinanda. Aliurithi kwa baba yake, mzee Methusela, Mshambaa aliyeteremka Maramba kutafuta kibarua cha shambani akaishia kuitwa kila kinanda cha misheni kilipoanza kukohoa. Bertha alikua akimshikia tupa na bisibisi. Siku hizi vinanda vile vya kukanyaga vimekwisha, kwa hiyo anatengeneza spika za makwaya, vinanda vya umeme, na mara mojamoja akodiani ya kikundi cha taarabu. Hana kibao mlangoni. Anayemtaka anamjua.

Bertha anaamini kwamba duniani kuna sauti zilizonyooka na sauti zilizopinda, na kwamba Mungu anapenda zile za kwanza. Mzee Methusela alikuwa na kiuma cha chuma cha kupigia sauti ya mwanzo. Yeye ana simu. Kwenye simu kuna programu yenye mshale. Ukibonyeza sauti, mshale unacheza, na ukisimama katikati taa ya kijani inawaka. Nimemwona akiitazama ile taa. Anapata raha ambayo mimi naipata kwa chai ya maziwa na mkate wa ufuta.

Sasa Bibi Rahel. Anakaa Raskazone, kwenye ua wa nyumba ya akina Shamsiya, wale wenye duka la vyombo ambao babu yao alitoka Omani. Ukimwona utasema Mhindi, na ni Mhindi kweli, ila ni Myahudi. Baba yake alikuwa mmoja wa wale Wayahudi wa pwani ya Bombay, watu walioishi kule karne na karne, wakavaa sari na kula wali kama majirani zao, na Ijumaa jua likizama wakawasha taa ya Sabato. Alikuja Tanga kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Rahel akazaliwa hapa, akasoma hapa, akaolewa hapa, akafiwa hapa, na ndugu zake wote wakaondoka, huyu Israeli, yule Bombay. Yeye hakwenda. Wahindu wa mjini walimdhani Mkristo kwa ajili ya jina, na Wakristo walimdhani Mhindu kwa ajili ya sari. Yeye alicheka tu.

Alichobakiwa nacho ni kinanda cha baba yake. Ni kile cha Kihindi, kisanduku cha kuweka chini, ambacho mkono mmoja unavuta na kusukuma upepo kwa nyuma na mwingine unabonyeza. Ndani zimepangwa ndimi nyembamba za shaba, kila sauti na ulimi wake. Kila Ijumaa Bibi Rahel alikaa mbele yake akaimba nyimbo za manabii kwa Kimarathi, lugha ya kwao: habari za Yusufu, habari za Musa, na zaidi ya zote habari za Nabii Eliya, ambaye watu wa kabila lake wanampenda kupita kiasi. Shamsiya amekua akisikia nyimbo hizo kupitia dirishani. Haelewi neno, lakini anaweza kuzivumisha zote mdomo umefumbwa.

Mwaka jana Bibi Rahel alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kabla ya kupasuliwa akaweka nadhiri: akiona tena, atafanya malida. Hiyo ni shukrani yao kwa Nabii Eliya. Inapikwa pepeta, ileile yetu ya mpunga wa kutwanga, inachanganywa nazi, sukari na iliki, inapangiwa matunda juu, kisha wimbo wa Nabii unaimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo watu wanakula. Akapasuliwa, akaona. Alipotaka kutimiza nadhiri, kinanda kikawa kinavuja pumzi. Ndipo Shamsiya akampigia Bertha.

Bertha alikwenda na bajaji ya mumewe. Bibi Rahel alikifunika kinanda kwa kanga, akakifunga vizuri, akamkabidhi.

"Ziba pumzi tu, mwanangu," alimwambia. "Sauti usiziguse. Hizo kaziweka baba yangu."

"Sawa, Bibi," akasema Bertha. Na nawaambieni alimaanisha.

Kuziba pumzi kulikuwa kazi ndogo. Akabandua ngozi iliyochanika kwenye mvukuto, akabandika ya mbuzi, akasubiri gundi ikauke. Kisha akajaribu. Akabonyeza do, ikawa safi. Akabonyeza mi, akakunja uso. Mi ilikuwa chini. Akachukua simu, na mshale ukalala kushoto. Akajaribu la, nayo chini. Ti, chini. Alinihadithia kwamba aliona huruma. Aliwaza, maskini Bibi wa watu, kinanda kimezeeka na yeye kimemzeesha masikio, anaimba na ubovu bila kujua. Aliwaza pia kwamba itakuwa zawadi nzuri. Bibi atabonyeza, atashtuka, atasema, Bertha, umefanya nini, mbona kimekuwa kipya?

Akachukua tupa ya baba yake.

Ulimi wa shaba ukiukwangua nchani, sauti inapanda. Ukiukwangua shinani, inashuka. Kila ukiukwangua unakonda, na shaba iliyotoka hairudi. Bertha anayajua hayo kuliko ninavyojua majina ya wanangu. Alikwangua ulimi mmoja baada ya mwingine, akipuliza unga wa shaba, na kila mshale uliposimama katikati akaenda kwa unaofuata. Alipomaliza akapiga utenzi mmoja wa kwetu, na Ernesti aliyekuwa anakula akasema, "Hicho sasa kinaongea Kilutheri." Wakacheka.

Siku ya malida nami nilikwenda. Sifichi, nilifuata pepeta. Ilikuwa Alhamisi alasiri, barazani kwa Bibi Rahel. Shamsiya alikuwepo na binti zake, Bertha, mimi, na sinia katikati yetu: pepeta nyeupe, tende, ndizi, machungwa, mapera, na waridi moja juu. Bibi Rahel alivaa sari ya rangi ya maziwa. Alimtazama kila mmoja wetu usoni, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua nguo mpya, kwa sababu alikuwa hajatuona sawasawa muda mrefu. Kisha akakaa, akavuta upepo, akaanza.

Alianza vizuri. Halafu, pale wimbo unapopanda mara ya kwanza, sauti yake ikaenda huku na kinanda kikaenda kule. Kidogo tu. Mimi ningedhani ni mafua. Akasimama, akatabasamu, akaanza upya. Palepale tena. Mara hii akajaribu kuifuata sauti ya kinanda, akaipita, akarudi, akapotea. Vidole vyake vikawa vinatafuta. Alibonyeza sauti moja peke yake, akaisikiliza, akaibonyeza tena.

Nilimtazama Bertha. Alikuwa ameacha kupepesa macho.

Bibi Rahel alijaribu mpaka tukaanza kutazama chini. Mwisho akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Wimbo ulikuwa haujafika hata nusu.

"Mungu kanirudishia macho," alisema polepole, "akachukua masikio."

"Usiseme hivyo, Bibi," Shamsiya akamwambia. "Ni uchovu tu. Kazi ya jikoni tangu asubuhi."

"Mama yangu alianza hivihivi. Alisahau nyimbo kwanza, kisha akatusahau sisi." Akavuta sinia. "Kuleni, wanangu. Nadhiri haikutimia, lakini chakula hakina kosa."

Tukala. Bertha naye alikula. Wakati ule sikujua kitu, nikaona tu kwamba anatafuna muda mrefu na hamezi.

Lakini Bertha alikuwa amekwisha elewa, tena alielewa palepale barazani, kwa masikio yake yaleyale mazuri. Zile sauti hazikuwa zimezeeka. Yule baba wa karakana alizishusha kwa makusudi, kama wanavyoziweka waimbaji wa kwao, ili zitulie juu ya sauti ya chini inayolia muda wote bila kusuguana nayo. Wala hazikuwekwa kwa kipimo. Ziliwekwa kwa koo la mtu, na binti yake akajifunza kuimba juu yake tangu anatambaa. Bibi Rahel alikuwa sawasawa. Kilichopotea ni kinanda.

Mtu mwenye akili angegeuza bajaji. Bertha akawaza la kifundi. Akawaza atazirudisha bila mtu kujua. Tatizo ni kwamba hakukumbuka zilikuwa wapi. Alipozirekebisha hakuandika chochote. Kwake yeye zilikuwa makosa, na nani anaweka kumbukumbu ya makosa ya mwenzake? Mahali pekee zilipobaki ni kwenye koo la Bibi Rahel. Kwa hiyo akabuni hila. Alikwenda Raskazone na mkungu mdogo wa ndizi, akasema anataka kufundishwa nyimbo za manabii. Alikusudia kumsikiliza, azishike sauti kichwani, kisha aombe kinanda kwa kisingizio cha gundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unifuate mimi, kipofu wa masikio?"

Lakini akaimba. Aliimba bila kinanda, ameketi kwenye kitanda cha kamba, mkono mmoja ukipiga goti taratibu. Na Bertha anasema, machozi yakimlengalenga, kwamba hajawahi kusikia sauti iliyokaa mahali pake namna ile. Kila sauti ilitua ilipopaswa kutua. Ile mi, ambayo Bibi Rahel huiita ga, ilikuwa na utulivu ambao hakuujua kwenye mi zote za maisha yake.

Bibi Rahel akanyamaza katikati ya ubeti.

"Wewe ndiye mwenye masikio," alisema. "Hawa wengine wananipenda, hawataniambia. Niambie kweli. Nimepotea?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema tu, Bibi, ni mimi. Badala yake, na sijui hata leo kama ni woga au ni ile aibu ya fundi kuonekana ameharibu kazi, mdomo wake ukasema:

"Kidogo tu, Bibi."

Bibi Rahel akatikisa kichwa kukubali. Akamshukuru. Akamshukuru, jamani. Akasema afadhali mtu mmoja mkweli.

Bertha alirudi nyumbani na hila yake haikumfaa kitu, kwa sababu zile sauti alizokwenda kuzichukua zilimtoka zote kichwani. Kilichobaki ni lile neno la shukrani. Akaanza kukonda. Kwenye mazoezi ya kwaya tuliteleza tupendavyo, hakugeuka. Ernesti akaniuliza kama mke wake ana ugonjwa anaomficha. Nikamwambia labda ni joto.

Kilichomfanya afungue mdomo ni simu ya Shamsiya. Nilikuwepo, tumekaa uani kwangu tunachambua mchicha. Alikuwa ameiweka kwa sauti ya juu.

"Mama Hosea, nina habari njema," Shamsiya alisema. "Wallahi Bibi kapata moyo. Tangu ulipomwambia pale alipokosea, kutwa yuko na kinanda. Anabonyeza sauti moja, anaimba, anabonyeza, anaimba, mpaka zinapatana. Anasema anajisahihisha. Siku za kwanza ungesikia kapotea, sasa hivi anaanza kuingia. Mungu akulipe."

Bertha akaweka simu chini juu ya mchicha. Kisha akanieleza yote, kuanzia tupa mpaka neno lile, bila kuinua uso. Alitaka nimwambie kwamba alikuwa na nia njema. Sikumwambia. Nilimwambia kwamba kila dakika anayokaa hapa uani kwangu, yule mama anaifuta sauti ya baba yake kwenye koo lake mwenyewe, na anamshukuru aliyempa kifutio. Akasema twende wote. Nikakataa. Najua nilikuwa mkali, na sijutii.

Yaliyofuata nimeambiwa na Shamsiya, na Bertha hakuyapinga.

Alimkuta Bibi Rahel barazani na kinanda mbele yake. Hakumaliza hata salamu. Alipiga magoti.

"Bibi, masikio yako ni mazima. Niligusa sauti. Uliniambia nisiziguse, nikazigusa. Nilizikwangua kwa tupa."

Bibi Rahel hakuelewa mara moja. Alitazama kinanda, akamtazama yeye.

"Siku ya nadhiri ulijua?"

"Nilijua uliposimama mara ya pili."

"Ukala pepeta yangu."

"Nilikula, Bibi."

"Na ulipokuja na ndizi. Nikakuuliza."

"Nilisema uongo."

Shamsiya anasema alidhani Bibi atampiga, na kama angempiga, yeye Shamsiya asingemzuia. Lakini Bibi Rahel alifunga macho yake mapya, akabonyeza sauti moja, akaisikiliza.

"Nilikuwa nimeanza kujiaga," alisema. "Usiku nilijiuliza nitamsahau nani kwanza. Umenifanya hivyo wewe, kwa sababu ya tupa." Kisha akasema, "Kalete vyombo vyako. Zirudishe."

Ernesti ndiye aliyekwenda kuvileta, mbio, bila kuambiwa ni vya nini. Walianza adhuhuri. Bibi Rahel alivuta upepo wa sauti ya mwanzo, ile ambayo Bertha hakuigusa, ikawa inalia chini yao. Juu yake akaimba ga. Bertha akafungua kinanda, akakwangua ulimi shinani, taratibu, akijua kwamba umekwisha kukonda mara moja na huenda ukakatika. Akajaribu. Bado. Akakwangua. Bibi Rahel akaimba tena. Ghafla sauti mbili zikakutana na kutulia, na Shamsiya aliyekuwa dirishani anasema aliitambua kabla ya wote wawili, akaanza kulia. Ilikuwa ile ya Ijumaa zote za utoto wake.

Ni, yaani ti yetu, nayo ikarudi, kwa taabu. Wakafika kwenye dha, ile ambayo sisi huiita la. Hiyo ndiyo sauti ambayo wimbo wa malida unaipandia pale Nabii Eliya anapoitwa kwa jina lake.

Bibi Rahel akaimba dha. Bertha akasikiliza, akakunja uso, akasema, "Bibi, hiyo ni yangu, siyo ya baba yako."

Bibi akaimba tena, chini zaidi. Akatikisa kichwa. Akaimba juu kidogo, akaacha. Akajaribu kuifikia kwa kuanza wimbo kwa mbali, akadhani koo litaipata lenyewe lisiposhtuliwa, lakini kila alipofika pale koo lilikwenda mahali pamoja tu, pale alipokuwa amelifundisha kwenda wiki zile za kujisahihisha. Wakamwita Shamsiya aivumishe. Shamsiya alijaribu, na kwa kumfuata Bibi naye akapotea.

"Ndiyo niliyoihangaikia zaidi," Bibi Rahel alisema. "Nilijua ndiyo ya Nabii, nikasema hii nisiikosee. Niliifuta mwenyewe, kwa bidii."

"Tujaribu kesho, Bibi. Labda itarudi."

"Hairudi. Funga kinanda."

"Bibi, nisamehe."

"Nimekusikia," alisema Bibi Rahel, na zaidi ya hapo hakusema. Kisha akaongeza, "Nadhiri bado ninayo. Mikono yangu imechoka kupiga na kuimba pamoja. Utakuja wewe kupiga."

Malida ikafanywa upya, na wimbo ukafika mwisho. Tangu siku hiyo Bertha huenda Raskazone kila Ijumaa kabla jua halijazama. Anakaa chini mbele ya kinanda, anavuta upepo, na Bibi Rahel anaimba. Ga inatulia, ni inatulia, kila kitu kinakaa kama alivyokiacha yule mtu wa reli. Wakifika kwenye jina la Nabii, Bertha hana budi kubonyeza dha, ile ya tupa yake, kwa kidole chake mwenyewe, na Bibi Rahel anaipata barabara, bila kukosea hata kidogo.